Kabla hujanunua mbegu za malisho, pima nyasi zako mwezi wa Mei

Mzee wa Kiangazi (mleta uzi)

Wakuu heshima zenu.

Kila ikifika Oktoba humu ndani swali ni lile lile: "Nipate wapi mbegu nzuri ya malisho, ng'ombe wanakwisha." Oktoba hakuna mbegu ya kukuokoa, mkuu. Hata ukiletewa bure, utaimwaga kwenye vumbi na kuku wataifaidi.

Nazungumzia huku kwetu Kongwa na Mpwapwa, ukanda wa msimu mmoja wa mvua. Inaanza Desemba, ikijitahidi mwishoni mwa Novemba, na Aprili imefunga mkoba. Maana yake nyasi unazoziona zimesimama shambani mwezi wa Mei ndizo zote ulizonazo mpaka Desemba. Hakuna jani litakaloongezeka hapo katikati. Sasa niambieni, mtu mwenye ghala la mahindi anajua ana magunia mangapi na watoto wangapi, kwa nini mwenye ng'ombe hajui ana kilo ngapi za nyasi?

Kupima si kazi ya profesa. Chukua fito nne, tengeneza fremu ya mita moja kwa mita moja. Tembea shambani, rusha fimbo nyuma bila kuangalia, ilipoangukia weka fremu. Kata nyasi zote zinazolika zilizomo ndani, karibu na ardhi, weka kwenye mfuko. Rudia sehemu nyingi, ishirini na zaidi kama shamba ni kubwa. Ikiangukia penye udongo mtupu, andika sifuri, usihamishe fremu kwa aibu. Anika zote juani mpaka uzito uache kushuka, pima, tafuta wastani.

Tuseme umepata gramu 150 kwa mita ya mraba. Ekari ina mita za mraba 4,000 na kidogo, kwa hiyo una kilo 600 za nyasi kavu kwa ekari. Hapo kata nusu. Nusu ni ya ng'ombe, nusu inabaki shambani kulinda udongo na shina la nyasi, tena humo humo kuna inayokanyagwa, inayoliwa na mchwa na inayopeperushwa. Umebaki na kilo 300. Ng'ombe wetu wa asili wa kilo 250 anakula kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, kwa hiyo ekari moja ni siku 50 za ng'ombe mmoja. Kuanzia Juni mpaka katikati ya Desemba ni siku 200 hivi. Ekari 4 kwa ng'ombe mmoja, basi. Mwenye ekari 120 ana uwezo wa ng'ombe 30.

Kama zizini wako 48, hao 18 wana njia tatu: wauzwe sasa hivi wakiwa wamenona, walishwe kwa kununua, au wafe Novemba wakiwa wamekula chakula cha wale 30. Wengi wetu tunachagua hiyo ya tatu bila kujua kwamba tumechagua.

Mbegu, uzio, mabingobingo, sileji (majani ya kuvundika), vyote ni vizuri na tutavijadili. Ila vyote vinakuja baada ya hesabu hiyo.

---

Binti Mpwapwa

Mzee shikamoo. Asante kwa uzi. Swali: umesema "zinazolika". Kwangu nusu ya shamba imejaa yale majani yenye vishale vinavyochoma nguo, na mitunduru imeanza kufunga njia. Hivyo navyo nakata?

---

Mzee wa Kiangazi

Marahaba binti. Majani ya vishale ng'ombe anayala yakiwa machanga tu, yakishatoa vishale anayapita kama hayaoni. Usiyahesabu. Mitunduru usihesabu majani yake, ingawa maganda yake ng'ombe na mbuzi wanayapenda sana kiangazi. Na ndiyo maana inaenea hivyo: anakula ganda, mbegu inapita tumboni, anaipanda na mbolea yake juu.

Hilo swali lako lenyewe lina jibu la hali ya shamba. Nyasi nzuri za kudumu zikiliwa mfululizo zinakufa, nafasi yake wanakuja hao wa vishale na miiba. Ng'ombe anachagua. Anaanza na tamu, anarudi kwenye ile ile tamu ikichipua kidogo, anaikata tena. Kuna Mmarekani mmoja, Franklin Crider, alifanya majaribio akachapisha mwaka 1955: nyasi ukiiondolea nusu ya majani, mizizi karibu haistuki. Ukiondoa asilimia 80, mizizi inasimama kukua kwa siku kama 12. Sasa fikiria inakatwa hivyo kila wiki. Mizizi inafupika, na mvua ikikosekana wiki mbili tu shina limekauka, wakati la jirani aliyepumzisha bado ni kijani.

---

Ngosha wa Meatu

Mzee wa Kiangazi umeongea, ila hapo kwenye kuuza umetuacha. Msukuma hauzi ng'ombe kwa sababu nyasi zimepimwa kwenye mizani ya jikoni. Ng'ombe ni mahari, ni ada, ni hospitali. Nikiuza 18 mwezi wa tano, mwezi wa tisa kijana akitaka kuoa nampa gramu 150 za nyasi?

Halafu hayo ya kupumzisha tunayo tangu mababu. Ngitili. Mvua ikianza, unafunga sehemu, hakuna mfugo unaingia mpaka kiangazi kimekolea, Julai au Agosti. Anayevunja anaitwa kwenye dagashida, baraza letu la jadi, analipa. Hakuna aliyetufundisha.

---

Mzee wa Kiangazi

Ngosha, ngitili ndiyo shule yenyewe, nani anabisha? Serikali ilipokuja na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) mwaka 1986, mwanzoni ni kuotesha miche na kusambaza. Kilichokuja kurudisha uoto kwa kasi ni pale walipokubali kurudi kwenye ngitili zenu, ardhi ikafungwa, visiki vikachipua vyenyewe. Mradi ulipofika miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefikia mamia ya maelfu ya hekta. Hapa Dodoma tuna Kisiki Hai, nayo ni akili hiyo hiyo: mti upo tayari chini ya ardhi, acha kuukata tu.

Kwenye kuuza, sikulazimishi uache kufuga. Nakuuliza swali moja la benki. Ng'ombe huyo huyo ukimpeleka mnada wa Kizota au Pugu mwezi wa sita na ukimpeleka mwezi wa kumi na moja, anatoka na kilo zile zile? Bei ile ile? Novemba kila mtu anauza mifupa, mnunuzi anajua umebanwa. Na majike uliowabakiza wote wakikonda pamoja, hawapandwi. Jike aliyekonda hashiki joto. Ndiyo maana huku kwetu jike anazaa kila baada ya mwaka na nusu au miwili halafu tunasingizia dume. Majike 30 walioshiba watakupa ndama wengi kuliko 48 wanaojikongoja. Mahari ya kijana itatoka hapo.

---

Kijana wa Data

Nimemsoma Mzimbabwe mmoja, Allan Savory, alitoa hotuba maarufu 2013. Anasema tatizo siyo wingi wa ng'ombe, tatizo ni mpangilio. Ukiwabana kundi kubwa eneo dogo, wakanyage, waweke mbolea, kisha uwahamishe haraka, jangwa linarudi kijani hata ukiongeza mifugo. Mleta uzi unasemaje? Maana wewe umeng'ang'ana na idadi.

---

Mzee wa Kiangazi

Nilijua atatajwa, hakuna uzi wa malisho anaokosa.

Kuhamisha kuna faida, mimi mwenyewe nahamisha. Ila watafiti wa nyanda za malisho waliwahi kukusanya majaribio ya miongo mingi, tathmini yao ikatoka 2008, wakakuta kwamba idadi ya mifugo ikiwa sawa, malisho ya mzunguko kwa ujumla hayakushinda malisho ya mfululizo, si kwa wingi wa nyasi wala kwa kilo za ng'ombe. Kilichokuwa kinabadilisha mambo ni idadi, na mvua. Wafuasi wa Savory wanasema majaribio hayapimi ufundi wa mfugaji anayebadilika kila siku. Sawa, huenda ufundi una uzito wake. Lakini kumwambia mtu mwenye ekari 120 aongeze ng'ombe ili nyasi ziongezeke, hapana, siwezi.

Ninavyofanya mimi ni rahisi. Shamba nimeligawa vitalu vinne. Kila mwaka kimoja hakiguswi kabisa kuanzia mvua ya kwanza mpaka mbegu zipukutike. Mwakani zamu ya kingine. Hivyo vitatu wanazunguka wakati wa mvua, na naangalia nyasi, siangalii kalenda: zikifika kimo cha kiganja naondoa, hata kama ng'ombe wananuna. Januari nyasi zinakimbia, unaweza kurudi baada ya mwezi na kidogo. Machi mvua ikikata, hurudi. Mtu akikupa ratiba ya siku maalumu bila kuuliza mvua, mshukuru tu uondoke.

Ng'ombe wanapenda kujazana karibu na lambo, huko mbali kunabaki nyasi za kulala. Weka chumvi ya kulamba huko mbali, usiweke pembeni ya maji. Watajipeleka wenyewe.

---

Alalili

Wakuu salaam kutoka Simanjiro.

Namuheshimu mzee lakini hesabu yake ni ya mtu mwenye senyenge. Huku kwetu mvua inanyesha bonde hili, bonde la pili vumbi. Mwaka huu malisho yako mashariki, mwakani yako kusini. Ukinigawia ekari 120 nikae hapo, umeniua mimi na ng'ombe. Nguvu yetu ni miguu.

Hata hivyo kupumzisha tunakujua. Alalili ni eneo karibu na boma, linaachwa kwa ajili ya ndama, wagonjwa na majike waliozaa. Wazee wanatangaza lini linafungwa na lini linafunguliwa. Kilichotuumiza katika ukame ule wa mwisho wa 2021 kuingia 2022, mizoga imelala barabarani mpaka ikatangazwa kwenye taarifa za habari, si kwamba hatukujua kufunga. Njia za kuhamia zimekatwa na mashamba, alalili zenyewe zimeingiliwa. Mtafute mtu mwenye jibu la hilo, kupima kwa fremu kutakuja baadaye.

---

Mzee wa Kiangazi

Alalili, nakubali mia kwa mia. Niliyoandika yanamfaa mwenye eneo lake au kijiji chenye malisho yaliyotengwa. Mvua ikiwa ya kubahatisha kama huko, kuhama ndiyo menejimenti yenyewe, na aliyekata njia ndiye aliyeharibu malisho. Ila hata alalili unaweza kuipima kabla ya kuifungua, mjue inatosha ndama wangapi kwa muda gani.

---

Mama Mitamba

Jamani na sisi tunaotaka kuotesha? Nilinunua mbegu za senkrusi duka moja la pembejeo, kilo nne, nikamwaga ekari nzima, vimeota vishina vya kuhesabu. Muuzaji anasema udongo wangu mbaya.

---

Mzee wa Kiangazi

Mama Mitamba pole, huenda udongo hauna kosa.

Senkrusi, wengine wanaita bafeli, ni nyasi ya kwetu. Mwaka 1937 Waaustralia walichukua mbegu zake Dodoma, wakazipa jina Biloela, leo ni malisho makubwa kwao. Kwa hiyo usiamini mtu anayesema haifai hapa.

Mbegu yake ina mambo mawili. La kwanza, ikivunwa leo haioti leo. Inalala, inataka ikae ghalani miezi sita mpaka mwaka. Ukiuziwa ya msimu huu huu, hata uimwagilie haitaki. La pili, ile unayouziwa kwa kilo ni manyoya matupu mengi, punje ndani ni chache. Kabla ya kununua omba konzi moja. Hesabu 100, zipange kwenye karatasi laini ya chooni iliyoloweshwa, funika sahani, weka sehemu yenye joto, uwe unanyunyizia maji. Baada ya wiki mbili hesabu zilizochipua. Zikiwa 10, unajua utatumia mbegu kiasi gani au umrudishie mwenyewe.

Kuotesha: lima juu juu mapema, mvua zikishika ndiyo umwage. Changanya na mchanga mkavu au pumba za mbao, maana ni nyepesi, upepo unabeba. Usifukie. Sentimita moja inatosha, wengi wanaua mbegu kwa kuizika kama mahindi. Buruta tawi la mti juu yake, umemaliza. Halafu mwaka wa kwanza ng'ombe wasiingie mpaka zimetoa mbegu na kupukutisha. Ng'ombe akila nyasi ambayo haijashika mizizi, anaing'oa nzima.

Mbegu ukitaka za uhakika uliza TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wana kituo hapo hapo Mpwapwa na Kongwa, au shamba la serikali la Vikuge kule Kibaha. Agiza mapema.

---

Kajiado Kwetu

Sisi huku Kenya tunapanda hiyo pamoja na zile nyasi nyingine za asili, kwa ardhi iliyochakaa tunachimba mashimo ya nusu mwezi, mdomo ukielekea juu ya mteremko ili yazuie maji, mbegu inaingia humo ndani. Udongo uliokuwa kama simiti unarudi.

Na wacha niongeze kuhusu hei, yaani nyasi za kukausha na kuweka akiba. Si lazima mashine. Tunatumia sanduku la mbao, sentimita 85 kwa 55 kwa 45, halina mfuniko wala tako. Unalaza kamba mbili ndani, unajaza nyasi, mtoto anaruka juu anakanyaga, unajaza tena, unafunga, unasukuma robota nje. Linatoka kama kilo 20 ukikandamiza vizuri.

---

Mzee wa Kiangazi

Sanduku ni hilo hilo tunalotumia. Nisisitize wakati wa kukata, hapo ndipo hei nyingi zinapoharibika. Watu wanasubiri nyasi zikauke zenyewe, ziwe za njano, ndiyo wakate. Hiyo ni kuni. Kata zinapoanza kutoa maua, Machi kwa huku kwetu, anika siku mbili tatu ukigeuza, funga ikiwa bado na rangi ya kijani, weka kivulini juu ya magogo. Ng'ombe 30 kwa mwezi mmoja wanahitaji kilo 5,400, marobota 270. Kwa nini mwezi mmoja? Kwa sababu mvua ya kwanza ikinyesha na nyasi zikachipua, ndiyo wakati mbaya kuliko wote wa kuingiza ng'ombe. Chipukizi linaishi kwa akiba ya mzizi, ukililisha hapo umemaliza shamba. Wafungie, wape hei.

Na kitu kingine ambacho watu hawakijui: kuanzia Agosti ng'ombe anaweza kukonda nyasi zikiwepo tele. Nyasi kavu protini yake inashuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni vinavyosaga vinakosa chakula, usagaji unakuwa wa polepole, tumbo linakaa limejaa, hamu ya kula inapungua. Unaona amesimama kwenye nyasi za magotini na mbavu zinahesabika. Dawa yake ni mashudu ya alizeti, huku kwetu mashine za kukamua ziko kila senta. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa siku kwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha, na hizo nyasi mbovu ataanza kuzila vizuri. Urea ya kuongezea protini ipo, ila asiyejua vipimo asiijaribu, inaua usiku mmoja.

---

Mtu wa Kibaigwa

Yote sawa. Mimi nilipumzisha kitalu changu tangu Desemba, Julai nakuta kundi la ng'ombe wa watu limelala humo usiku, asubuhi pamebaki kinyesi. Mnisaidie kwenye hilo.

---

Wakili wa Kata

Sheria ipo, Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Ila sheria ya kitaifa haikamati ng'ombe saa nane usiku. Kinachofanya kazi ni kijiji kuwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi na sheria ndogo zilizopitishwa, zenye faini inayojulikana. Na wewe uwe na hati ya kimila ya eneo lako. Bila karatasi hizo, baraza litaishia kuwasuluhisha kwa chai.

---

Mzee wa Kiangazi

Ongeza minyara. Panda vipande vya minyara mpakani vikaribiane, miaka michache ni ukuta, hakuna ng'ombe anayepita na hauna gharama ya senyenge. Na mtafute mwenye kundi kabla ya kiangazi, muuzie robota kwa bei ya ujirani au mkubaliane maji. Mwenye njaa kali anavunja uzio wowote.

---

Ngosha wa Meatu

Mzee nimerudi. Nimekata kwenye ngitili yangu, nimepima. Sitataja nilichopata hapa. Tuseme nakubali kupunguza. Naanza na nani?

---

Mzee wa Kiangazi

Fungua midomo, Ngosha. Jike ambaye meno ya mbele yameisha au yamelegea hawezi kukata nyasi fupi za Septemba, huyo kwanza, hata kama ndiye aliyezaa nusu ya zizi. Wa pili ni madume ya ziada. Jike 25 dume mmoja anatosha, hao wengine wanakula na kupigana tu. Wa tatu, jike asiyezaa misimu miwili wakati wenzake wamezaa. Maksai waliokomaa wapeleke Juni hiyo hiyo, usingoje wafikie uzito unaoutamani, kuanzia Agosti watakuwa wanaupoteza.

Mitamba usiguse. Na huyo mwenye rangi unayoipenda, mwangalie meno kama wengine.